Kaharabu yangu iligeuka sandarusi

Basi bwana, mwezi uliopita nilinunua kidani onlaini, kimeandikwa kaharabu halisi ya Baltiki, ndani kuna kanyuki kamekunja miguu kama kamelala, na mimi kwa vitu vya kale sijiwezi, sikuuliza mara mbili. Kimefika nikakivaa wiki nzima najiona wa maana. Jumapili nimekaa nafuta rangi ya kucha, tone la rimuva likadondokea kwenye kidani, nikalipangusa kwa kidole, kidole kikanasa. Nikadhani ni ile rangi ya kucha. Nikakigeuza, nikatia tone jingine makusudi upande wa nyuma, nikasubiri kidogo kisha nikagusa, kinanata kama peremende iliyotoka mdomoni mwa mtoto.

Kaharabu hainati hivyo. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale, ishakuwa jiwe zamani, tone la rimuva halifanyi kitu. Kinachonata ni utomvu ambao bado haujakomaa, huko kwa wauzaji wa vito wanauita kopali, neno lililotoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Meksiko, kwao copalli ni uvumba.

Sikulala. Nimeingia intaneti natafuta kopali ni nini, nasoma, nasoma, mpaka nafika mahali wanaitaja kopali ya Zanzibar, mti wake Hymenaea verrucosa, unaota pwani yetu kuanzia Kenya mpaka Msumbiji, na Madagaska pia. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Yaani hiki nilichouziwa kama mali ya Ulaya huenda ni utomvu wa mti wa kwetu! (Madagaska wanauza sana vipande vya namna hii vyenye wadudu, kwa hiyo nahisi changu kilitokea huko, ila mti ni uleule.)

Asubuhi nikampelekea bibi. Macho yake siku hizi hayamsaidii sana, kwa hiyo hakukitazama hata, alikikwaruza kwa ukucha wa dole gumba akanusa. Kisha akaniambia nimletee chetezo.

"Bibi, si utakiunguza?"

"Nakwangua kidogo tu, we mtoto nawe."

Akachukua kisu, akakwangua pembeni unga kiasi cha kujaa ncha ya kisu, akaunyunyiza kwenye kaa. Ule unga haukushika moto palepale, uliyeyuka kwanza, ukachemka vipovu vidogo vidogo, ndipo moshi ukapanda mweupe mzito, na harufu yake sijui niiseme vipi, kama maganda ya limau yaliyochanganywa na mbao mpya. Bibi akavuta upindo wa kanga yake juu ya moshi kama anavyofanya siku zote. "Sandarusi hii," akasema, "kaharabu gani."

Na mimi neno sandarusi nililijua! Nililisikia utotoni, nikidhani ni namna tu ya ubani. Ndicho kilichonifanya niandike haya, maana nimeuliza watu wa rika langu kumi na kitu, wengi hawajui hata ni kitu cha kula au cha kuvaa.

Sasa msandarusi wenyewe, ndio ule mti wa Hymenaea verrucosa. Ni jamii moja na kunde na maharage, na ndugu yake wa karibu zaidi tunayemjua jikoni ni mkwaju. Majani yake yanatoka mawili mawili kama pacha, na tunda lake ni ganda fupi lenye vinundu kama chunjua, kila kinundu kimejaa utomvu. Hilo verrucosa kwenye jina la kisayansi maana yake ndiyo hiyo, mwenye chunjua. Mti ukichubuliwa, tawi likivunjika, mdudu akitoboa gome, utomvu unatoka kuziba pale, unamnasa mdudu na kuzuia kuvu, ukipigwa na hewa unakauka. Kwa hiyo ni mti unajifunga kidonda. Na nyuki walioko ndani ya sandarusi mara nyingi ni wale wadogo wasiouma, wanaokuja kuchukua utomvu wakajengee mzinga, mmoja anakanyaga pabaya basi ndo safari yake imeishia hapo. Kanyuki kangu nadhani ni mmojawapo.

Utomvu ukidondoka chini unafukiwa na udongo, mti unakufa, unaoza, unapotea kabisa, sandarusi inabaki. Kaharabu ya Baltiki ina zaidi ya miaka milioni 30, sandarusi ya kwetu ina mamia au maelfu tu, ni mtoto mchanga. Lakini ile ya ardhini ni ngumu kuliko ya mtini, na ndiyo iliyotafutwa na dunia nzima.

Karne ya 19 Wazaramo walikuwa wanaichimba kwenye mashamba na vichaka nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, mahali ambapo pengine hakuna msandarusi hata mmoja umesimama. Hawakwenda chini sana, mita moja hivi au pungufu, na kazi ilikuwa nzuri baada ya mvua udongo ukiwa laini. Kipande kilichotoka ardhini kina ngozi ya vipele vipele, Wazungu wakaiita ngozi ya bata bukini, mimi nikiona picha naona kuku aliyenyonyolewa. Ile mbichi, ya mtini au iliyolala juu juu kwenye mizizi, watu wa pwani waliiita chakazi, ikawa na bei ndogo. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita huku mwaka 1857, ameeleza kwamba wafanyabiashara wa kizungu walishindwa kutamka chakazi wakasema jackass, yaani punda! Mpaka leo ukitafuta utakuta vitabu vya vanishi vinaandika kopali ya punda na msomaji wa London anajiuliza punda kaingiaje.

Mnunuzi mkubwa nani? Wamarekani, hasa wa mji mmoja unaitwa Salem kule Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani, 1837 wakaleta balozi mdogo wao Zanzibar, na meli zao zikawa zinashusha kitambaa cha pamba na kupakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Hicho kitambaa ndicho merikani, mnakijua. Sandarusi ikifika kwao inapikwa na mafuta ya kitani inakuwa vanishi ya magari ya farasi na samani, ngumu, inang'aa kama kioo. Kwa hiyo kuna kipindi matajiri wa Boston walikuwa wanapanda gari lililopakwa utomvu wa Uzaramo na mchimbaji Uzaramo kavaa shuka ya Massachusetts. Baadaye ikaja kopali ya Kongo kwa wingi, halafu vanishi za viwandani, biashara ikafa.

Lakini kabla ya Wamarekani sisi tuliifanyia nini? Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya mabaki ya utomvu waliyoyachimbua Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Zanzibar, ya karne ya 7 au ya 8. Mtu angetegemea ubani kutoka Arabuni, si ndo tunavyofundishwa kwamba kila kitu cha kunukia kililetwa na jahazi. Wakapima kemikali zake: sandarusi ya hapahapa, imefukizwa. Nilipomsomea bibi hiyo akacheka, akasema kumbe wamesoma miaka yote hiyo ndo wajue watu walikuwa na chetezo.

Halafu kuna hili la majina, linanikera kidogo. Kila kinachotoka mtini watu wanaita gundi, au ubani, basi. Chukua kikombe cha maji ujaribu. Gundi ya mgunga inayeyuka yote. Sandarusi ikae hata mwezi, haijali, mpaka uipe spiriti. Ubani na manemane viko katikati, vina gundi na utomvu pamoja, ndo maana ukiloweka ubani maji yanakuwa meupe kama maziwa na chini kunabaki mchanga mchanga wa kunata. Na ubani na manemane navyo vina watu wake na matumizi yake, Wasomali wanaugema mti wa ubani kwa kuuchubua kidogo kidogo kisha kurudi kukwangua machozi yaliyokauka, na Waborana wa kaskazini mwa Kenya wana utomvu wa jamii ya mmanemane wanaouita hagar, wanaupaka mifugo kufukuza kupe. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Ah, na wale mnaopima kaharabu kwa maji ya chumvi kama mlivyoona kwenye video: ile inawakamata wa kioo na wengi wa plastiki tu. Sandarusi nayo inaelea kama kaharabu, mtadanganyika kama mimi. Tumieni rimuva, tone moja, sehemu isiyoonekana.

Msandarusi bado upo. Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, upo, Zanzibar na pwani ya Tanzania upo pia, ingawa misitu yetu ya pwani inakatwa kwa mkaa na mashamba kwa kasi inayotisha. Nataka mwezi wa nane niende nikauone kwa macho, nipasue lile ganda lenye chunjua ninuse mwenyewe.

Muuzaji nimemwandikia, kanijibu eti ni kaharabu changa. Kaharabu changa! Nimemwambia kwetu ina jina lake, kanyamaza mpaka leo. Pesa sijarudishiwa na sitaki tena. Bibi kila nikienda anauliza kile kipande kiko wapi, ubani wake umebaki kidogo na Ijumaa inakaribia, nami kila nikienda nakificha ndani ya blauzi.