Kumbukumbu ya mradi: kuibildi Radiance mwenyewe, na flagi zinazoamua mwanga kabla hujawasha kitu

Mradi umesogea. Kwa ambaye hakuwepo, nina modeli ya jengo lenye madirisha mengi na filamu nyembamba kwenye vioo, nataka kujua mwanga wa mchana unafika kiasi gani kwenye kila meza, na kazi yote naifanya na Radiance, ile programu ya kufuatilia miale ambayo Greg Ward alianza kuiandika miaka ya 1980 pale maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, na kodi yake imekuwa huria tangu 2002. Mpaka sasa nilikuwa natumia ile iliyokompailiwa tayari, yaani kodi iliyokwisha kugeuzwa kuwa programu ya kuendesha. Safari hii nimeshuka kwenye kodi yenyewe, maana kuna maamuzi huyakuti kwenye amri za rpict (inayotoa picha) wala rtrace (inayotoa namba za miale) hata ukisoma maelezo yote, yalishaamuliwa siku programu ilipokompailiwa na wewe unayabeba tu.

Kubildi kwenyewe hakuna maajabu. Unaingia folda ya ray, unapiga ./makeall install, inakuuliza maswali kadhaa kama wapi iweke programu na mashine yako ni ya aina gani, halafu inakuachia skripti ndogo inaitwa rmake ambayo ndani yake kuna OPT na MACH, flagi zako, yaani maagizo unayoipa kompaila, zinakaa hapo. Wa CMake, chombo kingine cha kubildi, nao wana njia yao, na kwa seva isiyo na skrini kuna BUILD_HEADLESS inayoachana na rvu (ya kutazama modeli kwenye skrini) na mambo ya OpenGL ya kuchora kwenye skrini.

Sasa flagi iliyonikalisha ni SMLFLT. Ukifungua fvect.h unaiona mara moja: bila flagi, RREAL (aina ya namba zinazoshika koordineti) ni double ya baiti 8 na FTINY (umbali unaohesabiwa kuwa kama sifuri) ni 1e-6, ukiweka -DSMLFLT basi RREAL inakuwa float ya baiti 4 na FTINY inapanda hadi 1e-3. Watu wengi wanaangalia ile ya kwanza tu kwa sababu ya memori, na kweli memori inapungua, pembetatu moja ina kona tatu yaani namba 9, kwa double ni baiti 72 na kwa float ni 36, ukiwa na mamilioni ya pembetatu hiyo si hela ndogo. Ila mimi nasema ile FTINY ndiyo ya kuogopa.

Iko hivi. Mwale ukitoka kwenye uso mmoja kwenda kutafuta uso unaofuata, programu inapuuza chochote kilicho karibu kuliko FTINY, ili mwale usijigonge wenyewe pale ulipoanzia. Modeli yangu iko kwa mita, kwa hiyo 1e-3 ni milimita moja nzima! Chukua filamu ya nusu milimita uliyoichora kama dielectric (aina ya materiali inayopitisha na kupinda mwanga kama kioo) yenye nyuso mbili. Mwale unaingia uso wa mbele vizuri, uso wa nyuma uko mita 0.0005 mbele yake, programu inaona hiyo ni karibu mno inauruka, na hata mwale ukiingia kwa kuinama sana haisaidii kwa sababu ndani ya kioo unapinda na njia yake haifiki milimita moja. Matokeo yake mwale unaendelea kukatiza chumba ukiamini bado uko ndani ya kioo, na kwa vile dielectric inakata mwanga kwa kila kipimo cha urefu, chumba cha mita 5 kinahesabiwa kama bonge la kioo la mita 5. Picha inatoka, haina erori, haina onyo, ila meza za ndani ni giza kuliko zinavyotakiwa. Kitu kama hiki kinaweza kupita hadi kwenye ripoti ya mtu na hakuna atakayeshtuka.

Ukitaka kubaki na float kuna njia ya kuchora kwa milimita badala ya mita, FTINY inakuwa elfu moja ya milimita na filamu yako inaonekana. Mwangaza wa nyuso haujali kipimo, lakini kumbuka ile radiasi ya glow (uso unaong'aa), vipimo vya mist (ukungu) na upitishaji wa dielectric vinategemea umbali, hivyo lazima uvibadilishe navyo.

Jambo la pili la float ni mahali jengo lilipo. Wapima ardhi wanaleta mchoro wenye koordineti za UTM (gridi ya ramani inayohesabu kwa mita), na kusini mwa ikweta ile namba ya kaskazini inahesabiwa kutoka 10,000,000, kwa hiyo jengo kukaa kwenye 9,000,000 na kitu ni kawaida kabisa. Float ina biti 24 za kushikilia tarakimu, ikishavuka 8,388,608 hatua yake ndogo kabisa ni mita 1, yaani dirisha la sentimita 80 ama linakuwa mita nzima au linapotea. Double kwenye umbali huo huo bado ina hatua ya takriban sehemu mbili za milioni ya milimita, haina wasiwasi. Dawa ni kulisogeza jengo karibu na sifuri, na usilisogeze kwa xform (programu ya Radiance ya kusogeza modeli) iliyobildiwa na SMLFLT maana nayo inasoma zile namba kama float, tarakimu zimeshapotea kabla haijaanza kazi.

Uamuzi wangu: double inabaki. Kwa memori nimehamisha samani na miti kwenda obj2mesh (inayogeuza modeli kuwa wavu wa pembetatu), kule kona zinahifadhiwa kama namba kamili za biti 32 hata ukiwa na double, na vitu vinavyojirudia nimeviweka kama instance ili jiometri ikae mara moja tu. Hapo nimepata nafuu kubwa kuliko nilivyopata kwa SMLFLT, na muda wa kurenda kwenye mashine yangu haukutofautiana kwa maana kati ya float na double.

Za kompaila nitasema haraka. -O2, kiwango cha kawaida cha kuharakisha kodi, inatosha. -march=native, inayotumia amri zote za prosesa iliyopo, ni sawa kama programu haitoki kwenye mashine hiyo, ukiipeleka kwenye seva ya zamani inaweza kufa palepale kwa amri ambayo prosesa haiijui. -ffast-math, inayolegeza kanuni za hesabu ili kuharakisha, siigusi. Na kila ukibadilisha flagi piga rmake clean kwanza, la sivyo unachanganya faili za .o (vipande vilivyokompailiwa) zinazoamini RREAL ni baiti 8 na nyingine baiti 4, hapo namba zitakazotoka usimlaumu mtu.

Kila bildi mpya naipitisha kwenye mtihani huu kabla sijaiamini, anga jeupe tupu:

void glow mbingu
0
0
4 1 1 1 0

mbingu source anga
0
0
4 0 0 1 180

Unapitisha oconv inayotengeneza faili la anga.oct, halafu:

echo 0 0 0 0 0 1 | rtrace -h -I -ab 1 anga.oct

Jibu linajulikana kwa hesabu, nusu tufe lenye mwangaza 1 linatoa pai, kwa hiyo uone 3.14 kwenye rangi zote tatu, zidisha kwa 179 (lumeni kwa wati) inayotumika na Radiance upate luksi kama 562. Bildi isiyotoa hiyo haiendi popote. Kwa chumba halisi narenda bildi ileile mara mbili kwanza nijue chengachenga zake ni za ukubwa gani, ndipo naweka bildi nyingine pembeni, maana bila hivyo unaweza kuisingizia flagi tofauti ambayo ni bahati nasibu ya miale tu.

Kinachofuata ni MAXCSAMP, idadi ya juu kabisa ya bendi za mwanga. Matoleo mapya yanaweza kubeba spektra (mwanga uliogawanywa kwa urefu wa mawimbi) badala ya rangi tatu, unachagua idadi ya bendi kwa -cs, lakini dari yake imewekwa wakati wa kukompaili na kawaida ni 24. Kutoka nanomita 380 hadi 780 hiyo ni karibu nanomita 17 kwa bendi, na filamu yangu ina mikato mikali kuliko hapo. Nataka bendi 80 za nanomita 5. Gharama ni kwamba kila rangi ndani ya kila mwale inakuwa baiti 320 badala ya 96, hata kwa kazi ya rangi tatu za kawaida, kwa hiyo bildi hiyo itakaa folda yake yenyewe na PATH yake (njia ambayo mashine hutafutia programu), na rpict -features nitaipiga kwenye zote mbili nione kila moja inajitangaza ina nini.

Bildi ya bendi 80 inakompaili sasa hivi, mtihani wa anga jeupe ndio utakaoanza.