Anastomosi: neno nililolielewa chini ya mwembe

Neno hili lilininyima alama mwaka wa kwanza wa jiolojia hapa Lubumbashi, na mpaka leo nina uchungu na shauri la mkubwa wetu mmoja wa masomo: "Neno la sayansi lina maana moja. Likariri, basi." Nilimsikiliza. Nikaazima kamusi ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayesomea uuguzi, nikakuta kwamba anastomosi ni kuunganisha mirija miwili ya mwili, kama daktari anavyounganisha ncha mbili za utumbo baada ya kukata sehemu mbovu. Nikaandika daftarini: "kuunganisha".

Kwenye mtihani wa mdomo nikaulizwa mto wa anastomosi ukoje. Nikajibu: mito miwili inayoungana kuwa mmoja. Profesa akatikisa kichwa: "Hapo umenieleza Lufira kuingia Lualaba. Hayo ni makutano tu."

Jioni nilikaa chini ya mwembe wetu, kule Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, moyo umejaa. Nikatazama juu. Tawi likishaachana na shina, kwa kawaida haliungani tena na tawi lingine. Nikachuma jani, nikalielekeza kwenye jua: vishipa vinaachana, vinazunguka, vinakutana tena, wavu mtupu! Nikachukua wembe, nikakata kishipa kimoja, kisha nikafuata vingine kwa ncha ya kalamu. Njia ya kufika ukingoni bado ipo, tena si moja. Nikachuma la pili, la tatu, mpaka giza likaingia. Mti uleule: matawi si anastomosi, vishipa vya jani ndivyo.

Tangu hapo, nikikutana na neno hili popote, nauliza: zilizoachana zinarudiana? Kwa Kigiriki "stoma" ni mdomo, na hapa midomo inafunguliana. Mtoni, njia za maji huzunguka visiwa vilivyotulia, vyenye miti, zikakutana tena mbele. Mto ambao visiwa vyake ni mchanga unaohamahama una jina lake lingine, usivichanganye. Delta nayo njia zake nyingi huachana hadi baharini bila kurudiana, ingawa baadhi hukutana tena. Nyuzi za uyoga ardhini hugusana, zikaungana, chakula kikapita. Kwenye mwamba, nyufa huachana na kukutana zikizunguka vipande vizima.

Nilimpelekea yaya jani. Akanionyesha duara la Willis chini ya ubongo, lenye jina la Thomas Willis aliyelieleza mwaka 1664: mshipa mmoja ukiziba, damu inaweza kupitia mwingine, ingawa si kila mtu ana duara kamili. Alikuwa amelikariri bila kujua kwa nini liko duara.

"Mdogo wangu, kumbe na daktari anatengeneza njia ya kupita!"

Akalichukua lile jani lililokatwa wembe, akaliweka kwenye daftari lake la anatomia, ukurasa uleule wa duara.