Uzi wa Sentimita 44

Ukitoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, njia inapanda papo hapo. Mji uko mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha siku hiyo, Lepoeder, kinapita mita 1,400. Niliondoka alfajiri, wiki ya kwanza ya Mei. Kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31 njia hiyo ya juu hufungwa kwa sababu ya theluji na ukungu. Mbele yangu zilikuwapo kilomita karibu 780 hadi Santiago de Compostela, Hispania, mahali ambapo kwa karne nyingi Wakristo wameamini alizikwa Mtume Yakobo. Mgongoni nilikuwa na begi jipya la lita 55, na mzigo wote, pamoja na maji, ulikuwa kilo 11 na nusu.

Kabla sijafika Orisson, kilomita 8 tu kutoka mjini, vidole vya mkono wangu wa kushoto vilishakufa ganzi.

Nilikuwa nimejiandaa miezi miwili. Nilisoma kuhusu lita, vitambaa, zipu na idadi ya mifuko. Begi nikalinunua kwanza, kisha nikaanza kutafuta vya kutia ndani, na kosa lilianzia hapo. Nafasi ilikuwapo, basi suruali ya tatu ikaingia, kitabu kinene kikaingia, viatu vya akiba, taulo kubwa la nyumbani. Begi lenyewe likiwa tupu lilikuwa na kilo 2.3. Watembeaji wa njia hii wana kipimo chao: mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Si sheria, na mtu mnene asikitumie kujiongezea ruhusa, lakini mimi nina kilo 68. Nilikuwa nimezidisha karibu kilo 5, sawa na kumbeba mtoto mchanga wa miezi miwili juu ya mzigo halali.

Hata hivyo uzito peke yake haukueleza maumivu yale. Walinipita watu waliobeba zaidi yangu wakiongea na kucheka. Langu halikukaa. Nikifunga mkanda wa kiunoni mahali pake, mikanda ya mabegani ilielea juu bila kugusa mabega, na begi likanivuta nyuma kama mtu aliyenishika kola. Nikilishusha ili mikanda iguse mabega, mkanda wa kiunoni uliteleza hadi makalioni na uzito wote ukahamia juu. Nilikokota hivyo kilomita 25 hadi Roncesvalles, ng'ambo ya mpaka.

Jioni huko kuna misa ya mahujaji, na mwisho wa misa padri huwabariki wanaosafiri. Zamani vilibarikiwa vitu viwili vya hujaji, mkoba na fimbo. Iko hotuba ya karne ya 12 katika Codex Calixtinus, hati inayotunzwa katika kanisa kuu la Santiago, inayoeleza mkoba huo uweje. Uwe mdogo, kwa kuwa hujaji anamtegemea Mungu na hachukui akiba kubwa. Uwe wa ngozi ya mnyama aliyekufa, kwa kuwa naye anapaswa kuziua tamaa za mwili wake. Mdomo wake uwe wazi daima, ili awe tayari kutoa na kupokea. Niliyasoma hayo kabla ya safari nikayapenda kama maneno mazuri. Usiku ule, nikiwa nimekaa kwenye benchi la kanisa mabega yakiniwaka moto, niliyasikia kama maelekezo ambayo ningeyafuata nisingefika pale nilipofika.

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa makamo, Mfaransa, aliyekuwa akiitembea njia hii kwa mara ya nne. Alikuwa ameniona nikiingia.

"Begi lako ni zuri, mwanangu," aliniambia. "Ila ni la mtu mrefu kuliko wewe."

Nikamjibu kwamba mimi si mfupi. Akasema urefu wangu uko miguuni, na begi halikai miguuni. Akaniambia niinamishe kichwa, akapapasa mfupa unaotokeza chini ya shingo. Kisha akanitaka nishike kiuno, vidole gumba vikiwa nyuma, juu kabisa ya mifupa ya nyonga. Akauteremsha uzi wake wa kuanikia nguo kutoka ule mfupa wa shingo hadi katikati ya vidole gumba vyangu, akaukata, akanikabidhi. "Nenda nao Pamplona. Mwenye duka akitaka kujua unahitaji lita ngapi, mpe kwanza huu."

Nilikuwa nimelinunua begi lile kwa ushauri wa rafiki aliyetembea nalo mwezi mzima. Alilisifu kwa haki. Mgongo wake ni mrefu. Wahenga walishatuonya, usisafirie nyota ya mwenzio.

Hadi Pamplona zilibaki siku mbili, na mteremko wa kuingia Zubiri, wenye miamba ya kuteleza, ndio uliokuwa mgumu kuliko yote. Begi linalocheza mgongoni hukusukuma kila unapotua mguu, na magoti ndiyo yanayolipa.

Dukani uzi ulipimwa: sentimita 44. Fremu ya begi langu, kiunzi kigumu kinacholisimamisha mgongoni, ilikuwa ya mgongo wa sentimita 52. Muuzaji hakuniuliza rangi. Alileta mabegi matatu, akatia vifuko vya mchanga vya kilo 7 katika la kwanza, akanivalisha, akaniambia nipande na kushuka ngazi za duka, nikae, niiname, niinue mikono. Dakika 20, kisha la pili, kisha la tatu. Kule nilikonunua la kwanza nilivalishwa likiwa tupu mbele ya kioo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na begi tupu nalo ni hivyo hivyo. Yote hukaa vizuri. Ningekuwa na uwezo ningemzuia kila hujaji asilipie begi kabla hajapanda nalo ngazi likiwa na mzigo.

Alinifundisha pia kulivaa, jambo ambalo sikujua kama linafundishwa. Mikanda yote inalegezwa kwanza. Wa kiunoni ndio unaotangulia kufungwa, katikati ya upana wake ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, kwa sababu mfupa huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Halafu ya mabegani, ishike bila kubana. Halafu vile vikanda viwili vidogo vinavyopanda kutoka mabegani kwenda juu ya begi, vinavyolivuta likaribie mgongo. Wa kifuani mwisho, usizibe pumzi.

Begi la pili lilikuwa na wavu uliotenganisha mgongo na mzigo ili hewa ipite. Ni raha wakati wa jua, lakini wavu ule uliusogeza mzigo nyuma nami nikahisi ninavutwa, basi nikaliacha. Jepesi kuliko yote halikuwa na fremu. Nililochukua lilikuwa la lita 36, uzito wake kilo 1.1, lenye mkanda wa kiunoni uliojazwa vizuri na zipu inayofunguka mbele kama sanduku.

Kabla ya kupakia nilimwaga kila kitu sakafuni. Nilibakiza nguo za kuvaa na za kubadili, jozi tatu za soksi, koti la mvua, begi jepesi la kulalia, ndala, tochi ya kichwani, dawa, na kijitabu cha kugongea mihuri ambacho bila hicho hupokelewi katika nyumba za mahujaji. Vingine vilikwenda posta hadi Santiago. Pamoja na maji, mizani ikasoma kilo 6.9.

Begi la zamani nililiacha kwenye nyumba tuliyolala, kwa yeyote atakayelihitaji. Kesho yake, tukipanda Alto del Perdón, penye sanamu za chuma za mahujaji wanaokabiliana na upepo, nililiona likiwa mbele yangu mgongoni mwa kijana mmoja mrefu. Lilimkaa kana kwamba lilishonwa kwa ajili yake. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Baada ya hapo begi lilitoweka akilini, na hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kulipa. Vitu vizito nilivipanga karibu na mgongo, usawa wa mabega, na begi la kulalia chini kabisa. Kati ya Carrión de los Condes na Calzadilla de la Cueza, kilomita 17 bila kijiji hata kimoja, nilishukuru mfuko wa pembeni ambao mkono wangu uliweza kuufikia bila kulivua begi. Chupa isiyofikika hunywewa kwa kuchelewa. Zipu ya mbele niliishukuru kila alfajiri, nilipotoa soksi gizani bila kuwaamsha watu 30 kwa mchakacho wa plastiki. Begi sikuliweka kitandani hata siku moja. Kunguni husafiri na mahujaji, na begi ndilo gari lao.

Cruz de Ferro, msalaba mdogo wa chuma juu ya mlingoti, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hujaji huacha jiwe alilotoka nalo nyumbani. Langu lilikuwa la gramu 90. Pale Pamplona nilihesabu hadi uzito wa mswaki, na jiwe lile halikunijia akilini kama mzigo.

Mvua ilitukuta Galicia, mkoa ulimo mji wa Santiago, ikanyesha siku nne. Kifuniko cha begi kilizuia iliyotoka juu, lakini maji yaliyotiririka mgongoni yalipita pale kisipofunika. Kilichookoa nguo zangu ni mfuko mkubwa wa plastiki nilioutandika ndani, mdomo wake nikausokota. Siku hizi kifuniko sikibebi tena.

Niliingia Santiago siku ya 34. Mlangoni mwa kanisa kuu mlinzi alinyoosha mkono kwa upole: mabegi ya mgongoni hayaruhusiwi ndani. Nikarudi hadi chumba cha kutunzia mizigo, nikalivua, nikalikabidhi, nikapewa kipande cha karatasi chenye namba. Misani, watu waliposimama, mikono yangu ilishuka kiunoni kukaza mkanda.