Pulka ya kujitengenezea: mimi na binti yangu, Abisko hadi Nikkaluokta

Novemba

Tumeshakubaliana: likizo ya Pasaka tunavuka milima ya kaskazini mwa Uswidi kwa skii, yaani mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, kutoka Abisko hadi Nikkaluokta, kama kilomita 105. Sehemu kubwa ni kipande cha juu kabisa cha Kungsleden, njia ya kilomita 440 hivi inayoshuka kusini mpaka Hemavan. Binti yangu ana miaka 11, amezaliwa hukuhuku Umeå, na skii ameanza kuvaa kabla hajajua kusoma. Mimi ni wa Tanga, nimejifunza ukubwani. Basi yeye atatangulia, mimi nitavuta mzigo.

Mzigo unavutwa kwa pulka, yaani sleji ya kuburuta juu ya theluji, inayofungwa kiunoni. Za dukani bei yake haishikiki, kwa hiyo natengeneza. Nimechukua sleji ya plastiki ya watoto, nikatoboa matundu pembeni, nikaunganisha na mkanda kwa mabomba mawili membamba ya faibaglasi. Ndani ya kila bomba imepita kamba, nayo imefungwa fundo huku na huku. Ukitumia kamba tupu, kwenye mteremko sleji inakukimbilia na kukugonga visigino, bomba linaizuia. Mabomba nimeyapishanisha kama herufi X, nikikata kona na pua ya sleji inafuata.

Januari

Mazoezi yako kwenye mto ulioganda. Baridi tunaimudu. Kinachonitia wasiwasi ni jasho: ukivuta mzigo unalowa, ukisimama kunywa chai nguo mbichi inakunyonya joto lote. Kwa hiyo tunaondoka tukiwa tumevaa kidogo, tunahisi kabaridi, na koti zito linavaliwa pale tu tunaposimama, kabla hata ya kufungua chupa ya chai. Mwilini ni sufu. Pamba marufuku, isipokuwa kanga moja ya mama yake, ambayo itakuwa pazia la kitanda kwenye vibanda vya kulala njiani.

Chakula hakikunisumbua. Wenzetu hapa hununua vyakula vya pakiti kwa bei ya kutisha, na mimi nina sembe, dagaa wakavu na karanga za kusaga: vyepesi, vinashibisha, na kwa kuwa havina maji, havigandi. Tende ndizo zilizotushinda. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huwezi kuzitafuna. Sasa zinakaa mfuko wa ndani, karibu na kifua.

Aprili

Siku ya kwanza ni kilomita 15 ndani ya msitu wa miti ya betula hadi kibanda cha Abiskojaure, tambarare tupu. Kutoka hapo hadi kibanda cha Alesjaure ni 20, na miti inaisha. Unabaki na nguzo za kuonyesha njia, zenye X nyekundu juu yake, moja baada ya nyingine. Binti alikuwa akizihesabu, akachoka, akaanza kuimba.

Vibanda havina umeme. Mgeni anapasua kuni mwenyewe, anachota maji kwenye tundu lililotobolewa kwenye barafu ya ziwa, na ndoo ya maji machafu anaimwaga mwenyewe. Mtoto ambaye nyumbani humwambii aoshe kikombe, hapa aling'ang'ania kubeba ndoo. Sijui nilichukulie vipi hilo.

Kibanda cha Tjäktja tulilala usiku wa ziada, kwa sababu ya upepo. Juu yake ndiko kwenye mlango wa milima wa Tjäktja, yaani mahali pa kuvukia kati ya vilele, kama mita 1,150, sehemu ya juu kuliko zote kwenye Kungsleden. Baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikikutana na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi inaihisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Hata ulipopungua, kila tuliposimama tulikaguana nyuso, tukitafuta doa jeupe, dalili ya ngozi kuanza kuganda. Karibu na juu akanitazama.

“Baba, pua.”

“Imefanyaje?”

“Ina doa jeupe. Usisugue!”

Akavua glovu, akaniwekea kiganja puani mpaka rangi ikarudi, kisha akageuka akaendelea na safari. Mteremko wa upande wa pili ni mkali, na hapo ndipo mabomba yalipolipa gharama yake. Yeye alikuwa ameshafika bondeni ananisubiri, mimi nashuka kwa upande, hatua kwa hatua, pulka imetulia nyuma yangu.

Kibanda cha Sälka kina sauna. Singi tulipita tu, tukakata mashariki kuelekea kituo cha Kebnekaise, kwenye umeme na bafu la maji ya moto, halafu kilomita 19 za mwisho hadi Nikkaluokta na basi la Kiruna.

Mei

Pulka iko karakana. Plastiki ya chini imechanika kidogo upande wa kushoto, nitaipigia kiraka cha alumini. Mkanda unahitaji sponji pana zaidi kwenye nyonga. Na binti ameniletea mchoro wa pulka ndogo, yake mwenyewe, yenye vipimo. Mabomba ameyachora yamenyooka, hataki X. Tutabishana hilo mpaka Novemba.