Boksi la Sato Kwenye Mizani

Mdogo wangu alijifungua wiki tatu kabla ya tarehe aliyopewa kliniki. Ilikuwa Juni 2014, shule zimefungwa, nami nilikuwa nyumbani kwangu Nyakato, Mwanza, nasahihisha mitihani. Simu ikaita usiku. Alikuwa jirani yake wa Tabata, Dar es Salaam: mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima, ila ndani ya nyumba hamna mtu. Shemeji yangu ni dereva wa lori. Wakati huo alikuwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, na dereva aliyeingia foleni ya Tunduma hawezi kukuambia atarudi lini.

Kwetu mzazi wa kwanza haachwi peke yake. Lazima akandwe kwa maji ya moto, afungwe tumbo, apikiwe uji wa ulezi, na mtoto aogeshwe na mikono inayojua kushika shingo changa. Kazi hiyo ilikuwa ya Mama, na alikuwa ameshaipangia: angepanda basi mwishoni mwa mwezi.

Mwanza hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Unapita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Miaka ile uliondoka alfajiri, na ukijaliwa ulishuka kituo cha mabasi cha Ubungo usiku mkubwa. Basi likipasua tairi mara mbili tu, mlilala njiani humohumo kwenye viti, maana wakati huo mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. Miguu ya Mama huvimba akikaa sana. Nikampigia Sengerema nikamwambia safari hii tunapanda ndege, mimi na yeye.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, ndege ni ya wabunge."

Na kweli ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Mtu wa kawaida wa Mwanza aliiona ndege ikishuka kando ya ziwa, akaendelea na shughuli zake. Ndege za nauli nafuu ndizo zilizobadilisha hilo. Wakaanza kupanda walimu, wafanyabiashara wanaofuata mzigo Kariakoo, wanafunzi wa vyuo, watu wanaowahi msiba. Nililiona hilo kwa macho yangu na nalihesabu kuwa jambo kubwa, hata baada ya yale nitakayosimulia.

Tiketi nilikata kwa wakala mjini, nikalipa kwa pesa ya simu. Bei haikuwa ile iliyoandikwa kwenye mabango, kwa sababu ndege hizi huuza viti vya kwanza kwa bei ya chini, na kadiri siku inavyokaribia na viti vinavyopungua, bei inapanda. Sisi tulikuwa tunataka kusafiri kesho kutwa. Hata hivyo, ukijumlisha na tozo zote, ilikuwa nauli ambayo mwalimu anaweza kuilipa kwa mkopo mdogo wa SACCOS. Wakala aliniuliza majina mawili na tarehe. Hakuuliza kama tuna mzigo. Karatasi aliyonichapia ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kuanzia juu hadi chini.

Mama akavuka na kivuko cha Kamanga kesho yake, na begi la nguo na boksi. Humo kwenye boksi mlikuwa na sato aliowabanika mwenyewe usiku kucha, wamekauka vizuri, dagaa, unga wa ulezi, unga wa udaga, na mfuko wa karanga. Tukalizungushia selotepu mpaka likalia. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Mwanza anajua boksi hilo. Huendi Dar mikono mitupu, sembuse unapokwenda kwa mzazi.

Uwanjani tulifika mapema. Binti wa kaunta alimwamkia Mama vizuri, akaweka boksi kwenye mizani, akatazama kompyuta yake.

"Mama, tiketi zenu hazina mzigo."

Mama akadhani hajasikia. "Mzigo si huu hapa, mwanangu?"

Binti akaeleza kwa upole, na ndipo nami nilipoelewa vizuri biashara yenyewe. Nauli ile ni ya mtu na begi dogo la mkononi. Boksi la kwenda tumboni mwa ndege linalipiwa peke yake: ukililipia wakati wa kukata tiketi ni nafuu, ukilileta kaunta bila kulilipia ni ghali zaidi. Gharama aliyoitaja ilikaribia nusu ya nauli ya mtu mmoja.

Sina ugomvi na bei hiyo. Kubeba kilo angani kunakula mafuta, na asiyebeba kitu hana sababu ya kumlipia anayebeba. Lakini nilisimama pale nikiwaangalia waliokuwa nyuma yetu, na karibu kila mtu ana boksi kama letu. Wengine walikuwa wameshapiga magoti sakafuni, wanafungua selotepu kwa meno, wanahamishia samaki kwenye mifuko ya mkononi. Mama mmoja aligawa ndizi zake zote kwa wafagiaji. Watu hawa hawakukataa kulipa. Hawakuambiwa. Sentensi moja ya Kiswahili kutoka kwa wakala, "Je, una mzigo?", ingewaokolea fedha na fedheha. Kampuni inayokuja kuwauzia Waswahili safari ina wajibu wa kuwaeleza masharti kwa lugha yao kabla haijapokea hela yao, na hilo nalisema hadi leo kwa kila anayenisikiliza.

Mama hakubishana. Alifungua boksi, akatoa udaga, akamtazama binti wa kaunta, akamuuliza kama kwao wanakula ugali wa muhogo. Binti akacheka, akasema kazini haruhusiwi kupokea. Udaga ukaenda kwa dereva wa teksi aliyetuleta. Uzito ulipungua kidogo, gharama haikushuka. Nikalipia sato na ulezi.

Kilichonichoma zaidi kilitokea tukiwa tumeshapewa kadi za kupandia. Aliingia mzee, kanzu yake nyeupe, kofia mkononi, anahema. Ndege ilikuwa haijaondoka. Tuliiona pale nje. Lakini kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege hizi hupata faida zikiwa angani, kwa hiyo hutua, hushusha, hupakia na kuondoka upesi, na dirisha la abiria hufungwa mapema. Mzee alikuwa na tiketi, alikuwa na namba, alikuwa na mazishi ya kaka yake saa kumi jioni.

"Basi lingenisubiri," alisema. Hakupaza sauti.

Tulimwombea, abiria wengi. Yule binti alipiga simu ndani, nadhani alijaribu kwa moyo wote, akarudi akitikisa kichwa. Tiketi ya aina ile ikikupita imekupita, hairudishwi. Mama alimshika mzee mkono akampa pole ya msiba, maana hakukuwa na kingine cha kumpa, na sisi tukaitwa. Tulitembea kwa miguu kwenye lami hadi kwenye ngazi. Sikujua mzee aliwahije huko alikokwenda, wala kama aliwahi.

Ndani, Mama alikaa dirishani. Nilimfunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili. Ndege ilipokimbia alifumba macho na kusali. Ilipoinuka aliyafumbua, na ziwa lilikuwa chini yake lote, na vilima vya mawe, na mitumbwi. Alitafuta Sengerema ng'ambo kwa kidole mpaka mawingu yakaziba. Sitasahau uso wake. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, alikuwa amelivuka ziwa lile tangu utoto, na hakuwahi kuliona lilivyo.

Kisha wahudumu wakapita na kitoroli, kila kitu kinauzwa, hata maji. Mama akafungua kitambaa chake cha karanga na kuanza kugawa. Kijana wa kiti cha tatu akapata, wa mstari wa nyuma wakapata, mhudumu akapata na akala. Kijana naye akanunua maji chupa mbili akampa Mama moja. Katika saa moja na nusu hivi tulishajua kijana anasoma wapi na kwao ni Magu, na mama wa nyuma yetu anakwenda kupokea mzigo wa vitenge. Magurudumu yalipogusa lami ya Dar watu wakapiga makofi, na Mama akapiga kuliko wote.

Saa sita mchana alikuwa Tabata. Hakukaa hata kunywa chai. Aliuliza sufuria kubwa iko wapi, akainjika maji, akamwambia jirani aliyelala pale siku zote hizo aende kwake akapumzike. Mdogo wangu alipomwona alilia, akaambiwa mzazi halii, ale kwanza. Nilisikia mtoto akiogeshwa uani, na sauti ya Mama ikimsimulia kwamba bibi yake amekuja kwa ndege.

Jioni, uji wa ulezi umeshaliwa, sato wapo mchuzini, Mama aliniita barazani. Alitaka nimkatie tiketi ya kurudi mapema, ya baada ya arobaini ya mtoto, kabla bei haijapanda.

"Na mzigo ulipie humohumo," akasema. "Kilo zote wanazoruhusu. Na muulize vizuri huyo wakala wako kaunta inafungwa saa ngapi, akuandikie kwa Kiswahili."