Jalada lisilozidi unene wa karatasi zake: kumbukumbu ya mradi wangu

Februari

Kabati la chumba changu cha kazi hapa Tanga lina rafu za upana wa sentimita 90, na humo zimepangwa nyaraka za kikundi chetu cha akiba na mikopo, risiti na mikataba ya nyumba, nakala za vyeti vya watoto, pamoja na maandalizi ya masomo ya miaka mingi. Zote zimo katika boksi faili, yaani lile jalada la kadibodi ngumu lenye mkono wa chuma unaofungua matao mawili. Rafu moja hubeba majalada 11 tu, kwa sababu kila moja lina mgongo wa milimita 80. Kabla ya kubuni chochote, niliona ni vema nijue nafasi inapotelea wapi hasa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na ile ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, ndiyo maana rimu ya karatasi 500 husimama kwa kimo cha takriban sentimita 5. Ujazo wa rimu hiyo ni lita 3.1. Boksi faili linaloipokea lina milimita 80 kwa 285 kwa 318, ambazo ni lita 7.25. Kwa hiyo hata jalada likijaa, karatasi huchukua asilimia 43 tu ya nafasi, na iliyobaki ni ya hewa, chuma na kadibodi. Na majalada yangu hayajajaa. Mengi yana karatasi zipatazo 200, lakini hukalia rafuni nafasi ileile ambayo yangekalia yakiwa na 500. Hapo ndipo nilipopata lengo la mradi huu: kutengeneza jalada ambalo unene wake unafuata karatasi zilizomo, ukiongezeka zinapoongezeka na kupungua zinapopungua.

Machi

Umbo la boksi faili lina historia yake. Mwaka 1886 Friedrich Soennecken wa Bonn, Ujerumani, alipata hataza ya mashine ya kutoboa karatasi ili zifungwe jaladani. Mwaka 1896 Louis Leitz wa Stuttgart alileta mkono wa kufungulia matao, na mwaka 1911 jalada likapata lile tundu la mgongoni la kuingizia kidole wakati wa kulivuta rafuni. Tangu hapo halijabadilika sana, na kwa sababu njema: matao humwezesha msomaji kufungua mahali popote katikati, kuhamishia karatasi za juu upande wa kushoto, na kutoa karatasi moja bila kuzivuruga nyingine. Jalada jembamba litakalopoteza uwezo huo halitanifaa hata kidogo, kwa kuwa katibu wa kikundi hutakiwa kuutoa muhtasari wa kikao cha zamani huku wanachama wakiwa wameketi wanamsubiri.

Jambo moja sikukusudia kuligusa, nalo ni matundu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 838 kinataka matundu mawili yenye kipenyo cha milimita 6, yaliyoachana kwa milimita 80 kutoka kitovu hadi kitovu, na yaliyo milimita 12 kutoka ukingo wa karatasi. Kwa kuwa yanapimwa kutoka katikati ya ukingo kwenda juu na chini, mashine ileile ya kutobolea hufaa kwa A4, kwa A5, na hata kwa fulskepu za zamani zenye urefu wa milimita 330, ambazo bado ni nyingi katika nyaraka za familia za ukanda huu. Kubuni matundu ya aina yangu peke yangu kungekuwa kuzifunga karatasi hizi zisiweze kuhamia kwenye jalada jingine lolote.

Nililichunguza kwanza jalada la pete. Pete za mviringo zilizopigiliwa kwenye mgongo huzifanya karatasi ziteleze juu ya mkunjo jalada linapofungwa, hata kingo zake zikakaa mshazari na kulazimu vifuniko viwe vipana zaidi. Pete zenye umbo la herufi D, ambazo hufungwa kwenye kifuniko cha nyuma, huziweka karatasi wima katika upande ulionyooka, na watengenezaji huzihesabia uwezo wa kubeba takriban robo zaidi ya pete za mviringo za ukubwa uleule. Ni umbo zuri. Hata hivyo pete ya D nayo ina kimo kisichobadilika, na jalada lake likiwa na karatasi 40 hubaki nene kama lenye 200.

Masjala za serikali zimekuwa na jibu la upande mwingine kwa muda mrefu: jalada la manila lenye tagi ya uzi inayopita kwenye tundu moja la pembeni. Unene wake ni ule wa karatasi tu. Kasoro yake kwa kabati la nyumbani ni kwamba haliwezi kusimama rafuni, na tundu moja hubeba mzigo wote na kuchanika upesi. Kutoka Japani nilijifunza kuhusu majalada ya kampuni ya Kokuyo ambayo mgongo wake hutanuka hadi sentimita 10 na kubeba karatasi 1,000. Hilo lilinithibitishia kwamba mgongo unaokua unawezekana, hata likitengenezwa kwa wingi kiwandani.

Mei

Mwezi huu ndipo wazo lenyewe lilipokaa sawa. Tao hufanya kazi wakati wa kusoma peke yake. Jalada likiwa rafuni, na huko ndiko linakokaa karibu maisha yake yote, tao halina kazi ila kuchukua nafasi, ilhali karatasi zinahitaji nguzo mbili zilizonyooka basi. Kwa nini basi kila jalada libebe matao yake? Jozi moja ya matao inaweza kukaa mezani na kuhudumia kabati zima, na majalada yakabaki na nguzo tu.

Nguzo nilizipata katika antena za redio zilizoharibika, zile zinazovutika. Vipande vyake vya mirija vina vipenyo vinavyopishana kwa kiasi kidogo, na nilichagua kile cha milimita 5 na kile cha milimita 4 kinachoingia ndani yake. Tundu la milimita 6 hupita juu ya vyote viwili bila kukwama, kwa sababu mdomo wa kila mrija wa antena umebinywa kuelekea ndani tangu kiwandani, hivyo karatasi inayoteremka haikuti ukingo mkali. Mrija mnene nimeusimika kwenye kifuniko cha nyuma kwa sahani ndogo ya shaba iliyochomelewa kwa risasi, na ule mwembamba hupanda na kushuka kadiri karatasi zinavyoongezeka na kupungua.

Kuna mpaka ambao hauepukiki hapa. Mrija unaoingia ndani ya mwingine hauwezi kurefuka kufikia hata mara mbili ya urefu wake wa chini, kwa kuwa ni lazima kipande kibaki ndani ili nguzo isiyumbe. Kwa hiyo nimepanga saizi mbili: nguzo yenye urefu wa chini wa milimita 12, inayofika 22, na nguzo ya milimita 20, inayofika 36. Kwa pamoja zinatosheleza kuanzia karatasi 100 hivi hadi 350. Zikizidi hapo, ni heri kufungua jalada la pili, maana jalada zito huzichana karatasi matundu: karatasi moja ya A4 ina uzito wa gramu 5, na karatasi 500 ni kilo mbili na nusu zinazoning'inia kwenye vipande vya karatasi vyenye upana wa milimita 9 kati ya tundu na ukingo.

Julai

Matao yametengenezwa kwa ufito wa alumini wa milimita 4. Fundi wa mashine ya kerezo alizipunguza ncha zake hadi zikaingia ndani ya mrija mwembamba wa nguzo, na alipokuwa akiupima ule ufito aliniuliza, “Katibu, mbona usitumie waya mwembamba usiohitaji kukerezwa?” Swali lake lilikuwa la msingi. Waya mwembamba ungeingia bila kazi, lakini karatasi zinazorudi kutoka kwenye waya kwenda kwenye mrija mnene zaidi zingekwama kila mara kwenye mdomo wa mrija. Tao na nguzo zikiwa na kipenyo kimoja, karatasi hupita kana kwamba hakuna kiungo.

Utaratibu wa kusoma sasa ni huu. Mezani kuna kibao chenye nguzo mbili fupi za kudumu upande wa kushoto. Jalada huwekwa upande wa kulia, katika kijinafasi kilichochongwa ili nguzo zake ziwe milimita 60 kutoka zile za kibao. Vizibo vilivyo kwenye ncha za juu za nguzo huvutwa. Mirija myembamba hupanda hadi mwisho wake kwanza, ikazilegeza karatasi, halafu vizibo huchomoka na kifuniko cha mbele huondolewa. Chini ya kila mrija mwembamba kuna upanuzi mdogo unaouzuia usitoke kabisa. Kisha jozi ya matao huingizwa, ncha moja kulia na nyingine kushoto, na kuanzia hapo karatasi hugeuzwa kama katika boksi faili lolote. Kufunga ni kurudisha karatasi kulia, kutoa matao, kurudisha kifuniko na vizibo, na kubonyeza.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba kila tao linabaki huru, hivyo naweza kuweka majalada mawili, moja kulia na jingine kushoto mahali pa kibao, na kuhamisha karatasi moja kwa moja kutoka la mwaka huu kwenda la kumbukumbu bila kuzifungua na kuzipanga upya. Nyaraka za mwaka mzima wa kikundi zilihama hivyo, mpangilio wake ukabaki uleule.

Agosti

Mgongo ulinitaka subira. Ukiwa wa kadibodi unarudisha unene usiobadilika. Usipokuwepo, hakuna mahali pa kuandika jina la jalada, na vumbi huingia. Nimetumia kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa gundi ya wanga, chenye upana wa milimita 70. Ukingo mmoja umegundishwa kwenye kifuniko cha nyuma. Kitambaa huzunguka ubavu wa karatasi na kuingia chini ya kifuniko cha mbele, mahali kilipokatwa mipasuo miwili mirefu badala ya matundu ya mviringo. Nguzo hupita kwenye mipasuo hiyo, na kitambaa huteleza kadiri unene unavyobadilika. Lebo ya upana wa milimita 11 imeshonwa kwenye sehemu iliyo karibu na kifuniko cha nyuma, ambayo haisogei kamwe, kwa hiyo jina husomeka hata jalada likiwa jembamba kabisa.

Vifuniko ni vya kadibodi ya milimita 2, kina chake ni milimita 245 badala ya 285. Ningeweza kuvipunguza zaidi kama kungekuwa na karatasi tupu pekee, lakini hati na vyeti halisi sivitoboi. Hukaa ndani ya mifuko myepesi ya plastiki iliyotobolewa ukingoni, na mifuko hiyo ni mipana kuliko A4. Kifuniko cha mbele kina mkunjo uliokandamizwa milimita 22 kutoka mgongoni, ili kiinuke bila kuzivuta nguzo pale ninapotaka kutazama ukurasa wa juu tu. Kwa fulskepu nimekata vifuniko vya kimo cha milimita 345.

Pwani yetu ina unyevu mwingi, na kila mwenye nyaraka za zamani hapa anajua doa la kahawia linaloachwa na pini ya stepla. Kwa sababu hiyo hakuna chuma cha kawaida kinachogusa karatasi katika jalada hili: mirija ni ya shaba nyeupe iliyopakwa kromi, matao ni ya alumini, vizibo ni vya plastiki na mpira. Vifuniko vya plastiki laini ya PVC nimeviepuka pia, kwa kuwa vilainishi vilivyomo hulainisha wino wa printa ya leza, na maandishi hugandamana na kifuniko. Mifuko niliyonunua ni ya polipropilini, ambayo haina tatizo hilo. Unyevu huo huo huzifanya karatasi zivimbe na kujikunja, hivyo kila jalada lina utepe wa pamba wa kulifunga. Karatasi 300 zilizokuwa zimesimama milimita 33 zilishuka hadi 30 baada ya kufungwa.

Oktoba

Jalada lenye karatasi 300 sasa lina unene wa milimita 34 pamoja na vifuniko, na karatasi huchukua asilimia 70 ya ujazo wake wote. Lakini kipimo ninachokijali zaidi ni cha majalada yasiyojaa. Jalada la karatasi 200 lina milimita 24. Rafu ya sentimita 90 iliyokuwa ikibeba maboksi faili 11 ya namna hiyo, yaani karatasi 2,200, inaweza kubeba majalada 37, yaani karatasi 7,400. Uzito wake ni kilo 37 za karatasi, na kwa hiyo nimeongeza nguzo ya katikati chini ya kila rafu kabla ya kuendelea kuijaza.

Kilichobaki ni msuguano wa mirija. Katika antena mpya kuna kijispringi cha shaba kinachoushika mrija mwembamba usiteleze. Katika zile kuukuu kimelegea, na utepe ndio unaofanya kazi ya kushikilia. Nimeanza kuvibadilisha kwa vipande vyembamba vya shaba vilivyokunjwa kwa mkono, nikianza na majalada ya kikundi kwa kuwa ndiyo yanayofunguliwa mara nyingi zaidi. Nataka pia kuchonga kibao cha pili, chepesi cha kubeba pamoja na matao yake, ili kiende nami kwenye mikutano.