Mjerumani na Kaseti Yake

Mwaka 1984 nilikuwa napiga gita la ridhimu katika bendi ya hoteli moja ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Kila jioni tulifungua kwa "Jambo Bwana", wageni wakiwa bado kwenye supu, na usiku tukafungia kwa huo huo. Them Mushrooms, vijana wa Pwani waliokuwa wakipiga mahotelini kama sisi, walikuwa wameutoa mwaka 1982, na Teddy Kalanda aliyeutunga alijua anachokifanya: salamu, karibu, sifa za Kenya, basi. Mtalii aliyeshuka ndege asubuhi, usiku anaimba. Sisi tulikuwa tumeuchoka hadi tukawa tunaupiga huku tukibishana habari za mpira.

Usiku mmoja akaja jukwaani Mjerumani mmoja, mtu mzima, jua limemchoma mpaka pua inambanduka, mkononi ana kaseti. Akasema mengi. Kijerumani chetu kilikuwa cha kuombea bia tu, ikabidi tumwite weita mmoja aliyekimudu. Mahoteli ya Pwani yalijaa watu waliojifunza lugha hiyo wakiwa na sinia mkononi.

"Asema mwapiga vizuri," weita akatufasiria, kisha akasita. "Ila hamjaufuata sawasawa ule wa Boney M."

Mpiga besi akaangua kicheko. Kiongozi wetu hakucheka.

"Mwambie wimbo huu ni wa watu wa hapa hapa."

Akaambiwa. Mgeni akatikisa kichwa kwa upole wote, akatuonyesha jalada la kaseti na kulipigapiga kwa kidole.

Wakati wa mapumziko tukaisikiliza nyuma ya jiko, kwenye redio kaseti ya mpishi. Ni kweli walikuwa Boney M. Kundi hilo liliundwa Ujerumani na prodyuza Frank Farian, waimbaji wake wengi asili yao visiwa vya Karibiani, na mwaka 1983 walikuwa wameurekodi wakiuita "Jambo – Hakuna Matata", Kiingereza kimechanganywa ndani. Hata "Malaika" walishaurekodi, mwaka 1981, kwa hiyo huyu bwana huenda nyimbo zetu zote mbili alizipokea sebuleni kwake kabla hajaikanyaga Kenya. Na mlio ulikuwa safi, tuseme ukweli. Mpiga ngoma wetu akachukua mwiko akaanza kuufuata juu ya sufuria, mpishi akamfukuza.

"Hivi wale Mushrooms wamelipwa?" mpiga ngoma akauliza.

"Wewe jana ulilipwa ngapi?" kiongozi akamjibu.

Mimi sikushangaa sana kwamba wimbo ule umekwenda mbali. Mna kiti kitupu ndani yake: pale ilipokaa Kenya, yeyote aweza kuikalisha nchi yake. Miaka ya baadaye niliwasikia watu wakiikalisha Zanzibar, na wapagazi wa Kilimanjaro wakiuimbia wageni huku wakiutaja mlima wao. Safari Sound Band nao wakaurekodi, na wako wageni wanaojua huo tu. "Malaika" huwezi kuufanyia hivyo. Yule kijana hana mali ya kuolea, na popote utakapompeleka, iwe kwa Fadhili William au kwa Miriam Makeba, hana mali vile vile.

Tuliporudi jukwaani kiongozi akatuamuru tupige wetu kwanza, halafu wa kwenye kaseti. Wa kwanza tuliupiga kwa hasira, na nadhani hatukuwahi kuupiga vizuri namna ile. Mpira hakuna aliyeutaja. Wa pili tuliubahatisha, besi ikienda kwake na ngoma kwake, lakini mgeni wetu alicheza zote mbili kwa bidii ile ile, mkewe akimfuata nyuma kwa aibu. Alipochoka akatoa noti, akaipita bendi nzima, akampa weita.

"Hii ni ya ukalimani," weita akasema, akaitia mfukoni kabla kiongozi hajashuka jukwaani.